Mguu Usiouma

Filimbi ya mwisho ililia jioni, jua likiwa bado halijazama, wenyeji wakiwa mbele kwa bao moja. Mashabiki walikuwa wangali wanaruka majukwaani wakati Daktari wa timu ya wenyeji aliposhuka kwenye korido ya chini kwenda kumpa Nyundo habari za ushindi. Alisukuma mlango wa chumba cha matibabu, akasimama palepale.

Nyundo, beki wao, alikuwa sakafuni kando ya kitanda, chali, macho wazi. Mguuni alikuwa amefungwa mfuko wa barafu iliyokwisha kuwa maji. Damu iliyotoka nyuma ya kichwa chake ilikuwa imeanza kuganda. Juu ya dari, miguu ya maelfu ya watu ilikuwa ikitwanga zege kwa furaha.

Inspekta alifika kabla uwanja haujaisha watu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, aliyeujua mpira kwa kelele za mumewe tu. Alikuja na Sajenti, kijana aliyekuwa akiupenda mpira hadi kuumwa, lakini ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga uwanja huu.

"Kwa nini uliacha kuja?" Inspekta alimuuliza wakishuka ngazi.

"Nilikuwepo siku ile, Afande. Niliusikia ule mlio."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mji mzima uliijua siku ile. Nyundo alimwendea Upepo, winga wa timu ya pili, kwa miguu yote miwili, na mfupa ukalia. Waliokuwepo walisema ulilia kama kuni kavu inayovunjwa gotini, ukasikika hadi jukwaa la juu, kisha uwanja wote ukanyamaza. Upepo alifanyiwa upasuaji, damu ikaganda ikapanda mapafuni, akafa kabla hajaondolewa plasta. Nyundo alitumikia adhabu yake, akarudi kucheza. Leo, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, timu hizo mbili zilikuwa zimekutana tena, na jezi ya marehemu ilikuwa imevaliwa na mdogo wake, Kipanga. Kipindi cha kwanza hakijafika mwisho, Kipanga alimfyeka Nyundo bila hata kuutazama mpira. Mmoja akatolewa kwa machela, mwenzake kwa kadi nyekundu.

"Hii haina haja ya upelelezi," alisema mlinzi wa korido. "Kisasi kimelipwa. Na yule kijana nilimwona mwenyewe wakati wa mapumziko, anatoka chumba chao kuja huku."

Inspekta alikuwa ameshaingia ndani. Alikuwa anazunguka chumba taratibu. Kitanda kilikuwa ukutani upande wa mlango. Kabati la dawa, la chuma, lilikuwa ukuta wa pili. Alipitisha tochi kwenye kona ya kabati. Ilikuwa imefutwa, lakini aliyefuta alikuwa na haraka. Kwenye bawaba kulikuwa na wekundu mwembamba.

"Mtu akianguka kutoka kitandani," alisema, "kichwa hakiwezi kuvuka chumba kikagonge kabati, kisha kirudi."

"Kwa hiyo alikuwa amesimama," alisema Sajenti.

"Amesimama, akasukumwa. Halafu akaburutwa, apangwe aonekane ameanguka. Lakini mtu aliyebebwa kwa machela alisimamaje?"

Kocha alihojiwa wa kwanza, ofisini kwake, jasho la mechi likiwa bado mgongoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye kuchechemea kidogo, na alilia waziwazi.

"Alikuwa mwanangu yule. Nilimtoa mitaani akiwa hana kiatu. Mimi niko benchi, ng'ambo ya uwanja, naona anakatwa mguu wa kulia kama mti, nami siwezi kitu."

"Baada ya hapo ulimwona tena?"

"Ningemwona saa ngapi? Nilikuwa na mechi."

"Na mapumziko?"

"Na wachezaji wangu, mama. Kocha atakuwa wapi kwingine?"

Inspekta alimpa pole, akatoka.

Kipanga alikuwa kituoni, ameketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Kwa karibu alionekana mtoto kabisa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ulikusudia?"

"Kumpiga? Ndiyo. Sitasema uongo. Nimeota siku hii usiku baada ya usiku. Kaka yangu ananijia ndotoni, hasemi, anaangalia tu mguu wake." Alisugua magoti. "Lakini kumuua, hapana. Na nilipompiga, wala sikumpata sawasawa. Nilikita kwenye kinga ya ugoko, mguu wa kushoto. Nikajua hakuumia. Yeye akaanguka, akapiga yowe, nikainama nimtukane. Akanishika mkono."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Asante, mdogo wangu.'"

Sajenti aliinua kichwa.

"Asante kwa nini?"

"Sijui! Ndicho kilichonipeleka kule chini. Nilikaa peke yangu chumba cha kubadilishia nguo, lile neno linanizunguka kichwani kama nzi. Mapumziko nikamfuata nimuulize. Nikafika mlangoni, nikasikia mtu anaongea naye ndani. Nikarudi."

"Sauti ya nani?"

"Ilikuwa chini sana. Nilidhani ni Daktari."

Daktari, alipoambiwa hivyo, aliapa kwa majina ya watoto wake. Mapumziko yote alikuwa anamshona kipa nyusi, timu nzima ikimtazama. Kipa alithibitisha. Lakini Daktari hakuinuka kwenda zake, na Inspekta akangoja. Ukimya una watu wake, na Daktari hakuwa mmoja wao.

"Nilidanganya," alisema hatimaye. "Mguu ule haukuwa na kitu. Hata uvimbe. Nilipofika pale uwanjani Nyundo alininong'oneza, 'Daktari, nitoe. Sema nimeumia. Nikiendelea kucheza leo patatokea jambo.' Nikaambia benchi ameteguka. Nikamlaza, nikamvua viatu vyote na soksi, nikamfungia barafu ili mtu akichungulia asishtuke."

"Ulimfungia mguu upi?"

"Wa kushoto, ule uliopigwa."

Inspekta alimsogezea picha iliyopigwa na askari kabla maiti haijaguswa. Daktari aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Lakini hii iko kulia."

"Ndiyo."

"Mimi sikufunga hapa!"

"Najua. Aliifungua mwenyewe, akasimama, maana hakuwa mgonjwa. Mtu aliyemuua akairudisha, ionekane hakuwahi kuinuka. Akaangalia miguu miwili, mitupu, yote mizima, hakuna hata mkwaruzo. Ikabidi afunge kwa kumbukumbu." Aliirudisha picha kwenye bahasha. "Wewe usingekosea. Kipanga asingekosea."

Daktari alivua miwani. "Afande, kuna kitu. Alikuwa analala na redio imewashwa. Aliniuliza wiki iliyopita, 'Daktari, wewe huusikii tena ule mlio?' Nikamwambia hapana. Nilimdanganya na hapo pia."

Kesho yake asubuhi Inspekta alikwenda kwa mama yao Upepo na Kipanga. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, na kwenye upenu palikuwa na kiti kilichotengenezwa upya mguu mmoja.

"Hicho alikitengeneza yeye," mama alisema.

"Nani, mama?"

"Huyo mnayemwita Nyundo. Alianza kuja mwanangu akiwa hospitali. Nilimfukuza. Akaja msibani, nikamfukuza. Akaendelea kuja, anakaa hapo nje, hasemi. Mwisho nikachoka kufukuza. Nikamwachia kazi. Kipanga hajui, angenichukia."

"Alikuomba msamaha?"

"Kila akija. Sikumpa." Alisema hivyo bila kupepesa. "Juzi alikuja akiwa kama mtu mwenye homa. Akaniambia, 'Mama, siku ile niliagizwa. Niliambiwa nimtoe Upepo asimalize mechi. Na sasa nimeagizwa tena, kwa huyu mdogo.' Nikamuuliza nani, akasema atamtaja mbele ya watu, mechi ikiisha. Nikamwambia: ukimgusa mwanangu huyu, hata kivuli chako nisikione tena hapa."

Sajenti alitazama chini. Kumbe ndiyo maana ya ile asante. Kijana alimjia na kisasi mkononi, kumbe amemletea njia ya kutoka.

"Mama," Inspekta aliuliza polepole, "kuna mtu mwenye chuki na nyumba hii?"

Mama alikitazama kile kiti. Kisha akasema, "Marehemu mume wangu naye alikuwa beki. Walimwita Reli. Alimvunja kijana mmoja, mshambuliaji, hakucheza tena mpira. Watu walimbeba mume wangu juu juu siku ile. Mimi nilipiga vigelegele."

"Kijana huyo yuko wapi?"

"Sijui. Sikuwahi hata kumuuliza jina."

Walirudi kituoni. Inspekta alimwita Kipanga, akamketisha, akamwambia afumbe macho, arudi mlangoni mwa chumba cha matibabu.

"Usinitafutie sauti. Nitafutie maneno."

Kipanga alikaa hivyo, kope zikicheza. "Nyundo alisema… 'Mimi sivunji tena.' Yule mwingine akacheka, siyo kicheko cha furaha. Akasema, 'Baba yao hakuja hata kuniangalia.' Sikuelewa. Nilidhani wanazungumza habari zao."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Nilikuwa nawaza ile asante tu, Afande."

Sajenti alikuwa ameshashika simu. Alimpigia mzee mmoja aliyewahi kuwa refa, akamuuliza Reli alimvunja nani. Alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika. Inspekta alimtazama, akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameshaambiwa.

Mchana huo Kocha aliitwa uwanjani. Majukwaa yalikuwa matupu, na upepo ulikuwa unaburuta karatasi za karanga kwenye zege. Inspekta alimwomba aketi kwenye benchi lake, palepale alipokuwa ameketi siku ya mechi. Sajenti alisimama ng'ambo, mahali rafu ilipotokea.

"Nyundo alipigwa mguu upi, Kocha?"

"Nilishasema. Wa kulia."

"Alipigwa wa kushoto. Refa kaandika hivyo, Daktari kasema hivyo, mpigaji kasema hivyo. Kutoka hapa, kwa umbali huu, umeona kulia. Si kosa."

"Basi nilikosea. Kukosea ni jinai?"

"Aliyemuua pia alikosea hivyohivyo. Alifunga barafu mguu wa kulia."

Kocha aliguna. "Nusu ya uwanja ilikuwa upande huu."

"Nusu ya uwanja haikushuka korido ile. Mlinzi anamjua kila aliyepita: wachezaji wako, benchi lako, Daktari na Kipanga. Wote wa kwenu walikuwa chumbani wakati wa mapumziko. Nahodha wako anasema uliingia mwisho, kengele ya kurudi uwanjani ikiwa inalia, ukasema maneno mawili tu. Uliniambia ulikuwa nao."

Kocha alijikanda goti.

"Unachechemea," Inspekta alisema. "Nani alikuvunja?"

Kamba za nyavu zilikuwa zikigonga mlingoti wa goli.

"Reli," alisema Kocha. "Nilikuwa nimeshapata nafasi timu kubwa. Nilikuwa nifunge safari wiki ileile. Akanivunja, wakambeba mabegani, mimi niko kwenye nyasi naangalia soli za viatu vyao. Nililala hospitali hadi mgongo ukafanya vidonda. Hakuja. Mkewe hakuja. Hakuna hata aliyetuma salamu."

"Na alipokufa?"

"Alikufa kitandani kwake kama mtu mwema! Nikaambiwa ana watoto wanaokimbia kama upepo." Alijipangusa uso kwa mikono miwili. "Sikumwambia Nyundo amuue yule kijana. Nilisema amvunje. Nilitaka wajue tu. Wajue inavyokuwa."

"Na huyu mdogo?"

"Nilipomwona na ile jezi, nikamwona baba yake."

"Kule chini ilikuwaje?"

"Nilikwenda kumwambia arudi uwanjani, nilijua ameigiza. Nikamkuta amesimama dirishani. Akasema, 'Mimi sivunji tena.' Akasema atanitaja. Nikamsukuma. Kusukuma tu, mama. Nikasikia kichwa kwenye kabati." Akaziba masikio kwa viganja. "Ulikuwa mlio uleule."

"Alikuwa amekufa ulipomlaza pale kando ya kitanda?"

Kocha alifumba macho.

"Daktari wa hospitali anasema hapana," Inspekta alisema. "Alikuwa anapumua. Ulimfunga barafu, ukafuta kabati, ukapanda juu, ukakaa hapa ulipo kipindi kizima cha pili. Ulifanya hata mabadiliko ya wachezaji."

"Tulishinda," Kocha alisema, kwa sauti ya mtu asiyejua ametamka nini.

Sajenti alimfunga pingu. Kocha alisimama kwa shida, akautanguliza mguu mzuri.

Jioni, Inspekta alirudi kwa mama akamweleza yote, Kipanga akiwepo. Kijana alitoka nje akapiga ukuta ngumi, akarudi ndani, akakaa chini miguuni pa mama yake. Mama hakulia. Aliuliza tu Nyundo atazikwa lini, na kama ana ndugu.

"Ana dada," Inspekta alisema.

"Nitakwenda." Kisha akauliza, "Na yule mwingine, wageni wanaruhusiwa?"

"Kocha? Mama!" Kipanga aliruka. "Ameua watoto wa watu wawili! Kaka yangu!"

"Najua aliyemuua mwanangu. Sitamsamehe, na asinitegemee." Alikuwa anatafuta kandambili zake kwa mguu, chini ya kiti. "Lakini alilala hospitali, na mimi nilikuwa napika pilau ya sherehe. Mtu aliniambia, 'Yule kijana hali yake mbaya, nendeni mkamwone,' nikasema tutakwenda kesho."

Siku ya wageni ilipofika, Inspekta alimpeleka mwenyewe. Kipanga alikataa kuingia, akabaki kwenye gari. Kocha aliletwa, akamwona aliyekaa upande wa pili wa meza, akageuka kutaka kurudi, askari akamzuia. Akaketi. Mama alimtazama sana, nywele, mikono, hadi chini ulipo ule mguu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Unaendeleaje?" alimuuliza.