Zulia la Gari la Mkunga

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku na mama yake walifungua karakana yao kwa namna ileile. Mama alitoa kufuli, Chiriku akausukuma mlango wa mabati, kisha wote wawili wakasimama kidogo wakiitazama kazi iliyokuwa ikiwasubiri. Hapo mama alisema, "Haya mwanangu, tujikaze kisabuni." Hakuna siku aliyoacha kuyasema maneno hayo, hata siku aliyoamka hoi.

Na siku hizo, kusema kweli, aliamka hoi kila siku. Kazi ya mama ilikuwa kuyarudishia rangi mazulia ya magari, yale ya sakafuni, ambayo jua na vumbi na viatu huyapausha mpaka mtu hajui kama zamani yalikuwa meusi au ya kijivu. Kazi hiyo hufanywa kwa kupiga magoti. Mama alikuwa amepiga magoti wiki tatu mfululizo, na sasa kila akiinuka alishika mlango wa gari, akaguna, akasubiri mgongo ukubali. Chiriku mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, lakini wiki hizo hata yeye maneno yalimpungukia.

Jumatatu mkunga alileta gari lake. Lilikuwa gari dogo, kuukuu, lililokwenda kila pembe ya mji kuwafuata akina mama waliokaribia kujifungua. Mkunga alifungua mlango wa nyuma, akaonyesha sakafu kwa kidole.

"Mama Chiriku, hebu tazama aibu hii. Hapa chini, nyuma ya kiti changu, ndipo ninapoweka furushi la nguo safi za kuwafungia watoto wachanga. Zulia lenyewe limepauka kama jivu! Watu wakiliona wanadhani hata nguo zangu ni chafu."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Njoo Ijumaa saa nne."

"Ijumaa kweli? Maana Jumamosi mchana nina mama wa kumfuata, naye anakaa mbali. Kwa miguu sifiki."

"Ijumaa," alisema mama.

Jumanne walifungua viti kwa spana, wakavitoa nje, wakakung'uta vumbi mpaka wakapiga chafya zamu kwa zamu. Kisha wakasugua zulia kwa sabuni na brashi. Mama aliposimama, magoti yake yalikuwa yamevimba, akaenda kuketi kivulini.

"Sasa suuza, mwanangu. Mara tatu kila upande, na kila mara maji mapya. Sabuni ikibaki ndani ya zile nyuzi, rangi haishiki. Itakaa juujuu tu, ikikuchekea."

Bomba lilikuwa mwisho wa uwanja, nyuma ya banda la fundi wa kuchomelea. Chiriku alikwenda na kurudi, akaenda tena na kurudi. Upande wa mbele aliusuuza mara tatu, kwa haki kabisa. Upande wa nyuma wa kulia aliusuuza mara tatu pia, ingawa safari ya mwisho maji mengi yalimwagikia miguuni mwake. Ulipobaki upande mmoja tu, nyuma ya kiti cha dereva, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Akalitazama bomba kule mbali. Akaitazama ndoo iliyokuwa karibu naye, yenye maji ya povu aliyokwisha kuyatumia.

"Potelea mbali," alijisemea. Akamwaga maji yale yale, akayakausha kwa kitambaa, basi.

"Umesuuza mara tatu zote?" aliuliza mama kutoka kivulini.

"Zote, mama."

Jumatano jua lilikausha zulia. Alhamisi walifunika plastiki zote kwa magazeti, mama akachanganya rangi nyeusi na maji ya uvuguvugu, akaitia kwenye chupa ya kupulizia. Alipuliza kidogo, akasugua kwa brashi ili rangi izame, akapuliza tena. Jioni zulia lilikuwa jeusi ti, kama limetoka kiwandani, na fundi wa kuchomelea alikuja kuchungulia akasema, "Lo! Mama Chiriku, nipake na mimi kichwani, mvi zinanimaliza." Mama alicheka mpaka akajishika kiuno kwa maumivu.

Walikuwa na desturi moja katika karakana ile. Gari halikutoka mpaka mama avae soksi nyeupe, aingie ndani, asugue miguu sakafuni kila upande kama mtu anayefuta tope. Soksi zikitoka nyeupe, kazi imekwisha. Lakini Ijumaa asubuhi, viti vikiwa vimekwisha kurudishwa, magoti ya mama yalikataa kukunjika.

"Chiriku, leo vaa wewe. Mimi siwezi."

Chiriku alivaa soksi akiona fahari. Akasugua mbele, akatazama: nyeupe. Akasugua nyuma kulia: nyeupe. Akahamia nyuma ya kiti cha dereva, akasugua mara mbili tu, akainua mguu. Unyayo wa soksi ulikuwa mweusi kama masizi ya sufuria.

Alijua sababu, wala hakuwa na haja ya kujiuliza.

"Vipi huko?" aliita mama. "Zimetoka safi?"

Chiriku alichungulia dirishani. Mama alikuwa amejinyoosha juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, macho yamezama, uso umekwisha. Kumwambia ilikuwa sawa na kumwambia apige magoti tena. Mtoto alimwonea mama yake huruma, na pia, tusifichane, alijionea huruma mwenyewe.

"Safi, mama."

"Afadhali. Angalau leo nitanyoosha mgongo." Mama alitabasamu, akafumba macho. Haikupita dakika, akaanza kukoroma.

Chiriku alizivua soksi, akazisokomeza chini ya kopo la rangi. Alijiambia kwamba amefanya vizuri, kwamba mama amepumzika kwa sababu yake. Lakini kadiri mama alivyokoroma, ndivyo alivyozidi kulitupia jicho lile kopo.

Saa nne haijagonga, mkunga aliingia. Mkononi alibeba furushi kubwa la nguo nyeupe, zimepigwa pasi, zinanukia sabuni.

"Shikamoo, mama mkunga," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mwache mama alale, maskini." Akafungua mlango wa nyuma. "Jamani! Ndilo zulia langu hili? Mungu aibariki mikono yenu!" Akainama aliweke furushi lake mahali pake.

"Usiweke!"

Sauti ilimtoka Chiriku kwa nguvu hata mama akashtuka usingizini. Mkunga aliganda, furushi likiwa hewani.

"Usiweke, mama mkunga. Rangi inatoka. Itazichafua nguo za watoto." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama, hapo sikusuuza mara tatu. Nilirudishia maji ya povu. Na soksi zilitoka nyeusi, nikazificha."

Mama aliketi taratibu juu ya maboksi. Alimtazama mwanawe, akamtazama mteja wake, na aibu ikamfika usoni.

"Dada, nisamehe," alisema. "Gari halijawa tayari. Nipe mpaka kesho asubuhi."

Mkunga hakufurahi, wala hakujifanya kufurahi. Alilikumbatia furushi lake, akapumua.

"Nimetoka kazini sasa hivi, sijalala," alisema. "Nilikuwa nalitegemea gari hili linifikishe nyumbani. Lakini kesho asubuhi bado nitamwahi mgonjwa wangu. Mtoto, kama ungenyamaza, ningegundua kule kule, mbele ya mama mwenye uchungu, na nguo zote zina madoa. Hapo ningefanya nini?"

Mkunga aliondoka kwa miguu, polepole.

Mama hakugomba. Alisema, "Lete maji," akapiga magoti. Alishuka goti moja, akatulia, akashusha la pili, na Chiriku alimsikia akivuta pumzi kwa meno. Kelele za mama angeweza kuzivumilia. Pumzi ile ilimkata maini. Alikwenda bombani mara tatu, akaenda tena mara mbili bila kuambiwa, mpaka maji yakatoka kwenye zulia yakiwa meupe kabisa. Kisha wakaacha milango wazi, jua likaingia, nao wakaketi kivulini wakisubiri.

"Mama," alisema Chiriku, "nilitaka upumzike."

"Najua. Ndiyo maana sikukugombeza." Mama alikuwa akijikanda goti. "Lakini nisikilize vizuri. Kuchoka kwa kazi nimekuzoea. Nikilala, kunaondoka. Wewe ukichoka, niambie, 'Mama nimechoka, umebaki upande mmoja.' Nitakuja nisuuze mimi, au tutauacha mpaka kesho. Hakuna atakayekufa. Ila ukiniambia kazi imekwisha na haijaisha, basi kuanzia leo nitafanya kazi yangu, kisha nitafanya na ya kuikagua yako, kila ndoo na kila soksi. Huko ndiko kuchoka kusikoondoka kwa kulala."

Chiriku aliinamisha kichwa. Maneno yalimwingia.

Alasiri walipaka rangi upya. Jumamosi asubuhi mama alivaa soksi mwenyewe, zikatoka nyeupe pande zote. Mkunga alilichukua gari mapema, akaliweka furushi mahali pake bila kusita, akaondoka kumfuata mgonjwa wake.

Wiki iliyofuata lililetwa gari jingine, kubwa kuliko lile, na zulia lake lilikuwa limepauka mpaka likawa rangi ya vumbi. Waliliosha kuanzia asubuhi. Mchana mama alijinyoosha juu ya maboksi yake, akaita huku amefumba macho:

"Chiriku, umemaliza kusuuza?"

Chiriku alikuwa ameketi juu ya ndoo tupu, jasho linamwingia machoni. Alilitazama bomba kule mbali.

"Bado, mama. Umebaki upande mmoja, na nimechoka sana."

"Basi pumzika kwanza."

"Nikishapumzika nitausuuza mara tatu."

"Haya, mwanangu," alisema mama. Hakuinuka kwenda kutazama. Alijigeuza ubavu, akalala usingizi mzito.