Nani Amsemee Kidoti?

Asubuhi ile mke wa marehemu mwanangu, fundi cherehani, alikuwa kapiga magoti karakanani. Alichora sakafu kwa chaki yake ya nguo, akipanga kuhamishia ushonaji wake humo. Hapa meza ya kukatia. Pale vyerehani. Benchi la seremala litoke.

Seremala alikuwa mwanangu. Karakana alimwachia binti yao, Kidoti. Mtoto bado mdogo, kwa hiyo alimkabidhi rafiki yake, fundi redio, aitunze mpaka binti akue. Mtu kama huyo huitwa mdhamini.

Mdhamini alipofika, akaruka mistari ile kama anaruka madimbwi.

"Shemeji, mwenye mali umemuuliza?"

"Mwenye mali ana miaka kumi! Mimi mama yake, namsemea. Mbona tulipobadilisha paa nilimsemea, ukakubali?"

"Paa lilivuja. Wewe na yeye mlitaka jambo moja. Leo unachopata wewe ndicho anachopoteza yeye. Hapo sheria yetu haimruhusu mzazi kumsemea mtoto."

"Kwa hiyo namwibia mwanangu?"

"La, shemeji. Unatafuta riziki. Lakini gauni la mteja ukilivaa wewe, utajuaje kama limemkaa yeye?"

Mkwe wangu akafuta machozi, akacheka kidogo. "Basi msemee wewe."

"Mimi ndiye ninayetoa ruhusa. Nitajiomba halafu nijijibu? Twende mahakamani. Wateue mtu asiye na faida hapa."

Wote wawili wakanigeukia mimi, bibi yake Kidoti, niliyekaa mlangoni.

"Mimi sina haja na meza wala benchi," nikasema. "Haja yangu chai."

Hakimu alinihoji, akaridhika, akaniteua. Nikamweka Kidoti karibu yangu jikoni.

"Usimwogope mtu. Unataka nini?"

Alikoroga chai yangu kwanza. Sikumharakisha.

"Mama aingie, Bibi. Ila benchi la baba lisitoke. Nataka kujifunza."

Maneno hayo hayo niliyapeleka kwa mdhamini. Yeye na mama mtu wakakubaliana: vyerehani vikae dirishani, benchi libaki mahali pake.

Mistari ya chaki imefutika. Mama mtu ameacha mmoja tu, katikati ya chumba. Juzi Kidoti aliuvuka kabeba kigoda alichokitengeneza mwenyewe. Mama yake akakikalia, kikayumba, nusura aanguke.

"Mwanangu, kigoda hiki nani alikupimia?"

"Nimejipimia mwenyewe, Mama."

Mama yake akakunja kitambaa, akakisukumiza chini ya mguu mfupi, akaendelea kushona.