Picha Iliyozibwa Mgongo

Fundi wa fremu alirudi karakanani baada ya chakula cha mchana akakuta sakafu imelowa na hewa inanuka tope. Bomba lilikuwa limefungwa. Mkewe alikuwa palepale alipomwacha, kwenye kigoda, mbele ya picha iliyoletwa na bibi mmoja mteja wao: miti na maji yaliyotulia tu. Tangu iletwe, mkewe alikuwa ameiacha kaunta bila mtu.

"Mama Watoto, picha hiyo itakumeza," alimtania.

"Bora inimeze, nipumzike na kelele za msumeno wako," alijibu mkewe bila kugeuka. "Inanituliza moyo, Fundi."

Fremu ile ilikuja ikiwa wazi nyuma. Fundi, ambaye hajawahi kumrudishia mtu picha bila kuiziba isiingie vumbi, asubuhi ile alikuwa ameibandika karatasi na gundi pande zote nne, akajisifu.

Aliinama kupiga deki. Alipoinuka, kigoda kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa nyuma yake na hakuna aliyempita. Akamwita mkewe kwa sauti ndogo, na jibu likatoka ndani ya kioo cha picha, likifuatwa na kucha zilizokwaruza karatasi ya mgongoni, kwanza polepole, kisha kwa pupa, huku maji yakichuruzika chini ya fremu na kumlowesha miguu.

Ndipo bibi alipoingia kuchukua picha yake. Alipoona ile karatasi, alirudi nyuma hatua moja.

"Nani kakutuma uzibe?" alinong'ona. "Jini wa humo hutokea kwa nyuma na kurudi. Umemfungia, naye kamvuta mkeo."

"Nichane?"

"Chana. Lakini atatoka mmoja tu. Hakikisha unayemvuta ni wako."

"Mama Watoto?"

"Nipo hapa," zilijibu sauti mbili, zote za mkewe.

Akauliza kifungua mimba wao alizaliwa siku gani. Zote mbili zikataja siku ileile, zote zikilia. Fundi akachana kwa kisu, akashika mkono wa kwanza uliojitokeza, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mkewe alitoka amelowa hadi kiunoni, akamkumbatia. Fundi alilia kwa furaha. Bibi alikuwa anaifunga picha kwenye shuka, haraka haraka, wakati sauti ilipotoka humo, hafifu.

"Fundi, huyo siyo mimi."

"Usimsikilize," alisema mkewe kifuani pake.

Fundi alitaka kumtazama usoni, lakini mikono ile haikulegea.