Lango Linalopumua

Kila alasiri watoto wakisharudi kutoka shule, nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani ya mama, ambayo ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Ya pili ilikuwa ya Chiriku. Chiriku alikuwa na miaka minane, na jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa kuwa aliongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomshinda. Aliongea akila, akioga, akitafuta kiatu. Akikosa mtu wa kumsikiliza, aliiuliza cherehani imeshindaje.

Dada yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumbani aliitwa Fundi. Alianza kuitwa hivyo siku alipoifungua redio ya mama ili aone yule anayezungumza amekaa wapi. Redio haikupona, lakini jina lilibaki.

Muhula huo Fundi alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote. Katika chama cha kompyuta cha shule yao, mwalimu alikuwa akiwafundisha kutengeneza michezo. Mchezo wa Fundi ulikuwa wa msichana aliyepotea pangoni. Mwisho wa pango palikuwa na lango kubwa la mawe, na lango hilo lilitakiwa kung'aa gizani ili msichana aione njia ya kutokea.

Katika programu waliyoitumia, kila kitu huvikwa ngozi. Ukilivika sanduku tupu ngozi ya mbao, linaonekana mbao. Ukilivika ngozi ya maji, linaonekana maji. Ngozi ya lango ilimtoa Fundi jasho. Alichora mistari ya buluu juu ya jiwe, akaiagiza programu iifanye itoe mwanga, kisha akauunganisha mwanga huo na saa ya kompyuta ili uongezeke na kupungua wenyewe. Siku lango lilipowaka kwa mara ya kwanza, alikaa akilitazama mpaka mlinzi wa shule akaja kumwambia anafunga mlango.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa na sheria moja kuhusu mwanga, na aliifundisha kwa namna yake.

"Wekeni mkono kifuani," aliwaambia. "Vuteni pumzi. Mwanga upande kifua kinapopanda, ushuke kinaposhuka. Mwanga upumue, usipapatike. Anayetaka mwanga unaowaka na kuzimika upesi upesi, aje kwangu kwanza tuzungumze."

Wanafunzi walicheka, wakapumua kwa nguvu kama waliotoka kukimbia, wakaendelea na kazi zao. Hakuna aliyeuliza sababu.

Ijumaa iliyokuwa inakuja, michezo yote ingeonyeshwa ukumbini mbele ya shule nzima na wazazi, na mmoja ungechaguliwa kwenda kushindana na ule wa shule nyingine. Mwalimu aliwaazima waliokuwa bado na kazi kompyuta za kubeba wakamalizie nyumbani. Fundi alikuwa mmoja wao. Kabla hajaondoka, mwenzake mmoja aliinama juu ya bega lake. Huyu walimwita Profesa, kwa sababu alivaa fremu ya miwani isiyo na vioo na alitoa maoni bila kuombwa.

"Mbona lango lako limelala?" Profesa aliuliza. "Liamshe bwana. Hivi hivi watu watasinzia."

Maneno hayo Fundi aliyarudia njia nzima.

Jumatatu hiyo alasiri, mama akiwa chumba cha mbele anamalizia sare za shule za wateja, Fundi alikaa chumba cha nyuma akafungua kompyuta. Mwendo wa mwanga ulitawaliwa na nambari moja tu. Akaiongeza kidogo, lango likachangamka. Akaiongeza tena. Mara ya tatu lango halikupumua tena. Lilikuwa likiwaka na kuzimika kama radi inayogoma kuisha. Fundi alijua kwamba huko ndiko kupapatika alikokataza mwalimu. Tuseme wazi kwamba alijua, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alitamani angekuwa hajui. Alijiambia kwamba mwalimu ataliona Ijumaa, na akiliona litampendeza.

Akafunga pazia ili mwanga uonekane vizuri, akamwita mdogo wake.

"Chiriku, njoo ufungue lango."

Chiriku alikuja mbio, akakaa pua yake ikikaribia kugusa skrini.

"Dada, mbona huyu msichana hana viatu? Pangoni kuna mawe. Mama angemwona angem—"

Akanyamaza katikati ya neno. Fundi alidhani anashangaa uzuri wa lango. Kisha akaona macho ya mdogo wake yamegeuka juu, mwili umekakamaa, na mikono imeanza kutikisika. Chiriku akaanguka kutoka kwenye kiti.

Kitendo cha kwanza cha Fundi hakikuwa kumshika mdogo wake. Alifunga kompyuta. Baada ya hapo ndipo alipopiga kelele.

Mama aliingia akiwa na sindano na uzi mdomoni. Alivitema, akasukuma kiti mbali, akamlaza Chiriku ubavu na kumwekea bunda la vitambaa chini ya kichwa. Jirani aliyesikia kelele alifika na kijiko.

"Mtie mdomoni, asije akameza ulimi!"

"Hapana, dada yangu," mama alisema bila kuinua macho. "Kliniki walitufundisha akina mama wote. Hatiwi kitu mdomoni wala habanwi. Tunamlinda asijigonge, tunangoja."

Wakangoja. Ule mtikisiko ulikoma, Chiriku akalegea, akavuta pumzi ndefu na kulala. Mama alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, na Fundi alifuata nyuma akiwa amevaa ndala mbili zisizofanana.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimpima Chiriku, akamtazama machoni, kisha akawageukia.

"Alikuwa akifanya nini kabla hajaanguka?"

Mama alimtazama Fundi, maana ndiye aliyekuwepo. Hapo Fundi aliona mambo mawili kwa pamoja: mdogo wake amelala kitandani, na jukwaa la Ijumaa likiwa tupu.

"Alikuwa amekaa tu," alijibu.

"Ni mimi, daktari," mama akadakia, na sauti yake ikakatika. "Leo mtoto hajala mchana. Nilikuwa na sare za watu, nikamwambia asubiri nimalize. Nimemshindisha mwanangu na njaa."

"Usijihukumu upesi, mama," daktari alisema. "Njaa peke yake, sina hakika. Nikijua kilichoanzisha, nitajua pa kuanzia. Nisipojua, ninapapasa. Mleteni baada ya siku chache, na hali hii ikirudi, huenda tukamwanzishia dawa za kila siku."

Fundi alitazama sakafu.

Jumanne nyumba ilikuwa na ukimya wa ajabu. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Mama alipika, akampelekea Chiriku, akasimama kumwangalia akitafuna, kisha akarudi jikoni kupika tena. Chiriku mwenyewe hakuwa na la kusema. Alikuwa mchovu, akijibu "ndiyo" na "hapana", na majibu mafupi kwa mtoto yule yalitisha kuliko kilio.

Jumatano jioni alikuja kukaa karibu na dada yake kitandani.

"Dada, Ijumaa nitakaa mbele kabisa."

"Kwa nini mbele?"

"Nilione lango vizuri. Siku ile sikulifungua. Nilikuwa naliangalia, halafu nikamwona mama amenishika."

Fundi aliuwaza ukumbi wenye giza, na lile lango likipapatika kwenye skrini kubwa kama ukuta, na mdogo wake yuko mstari wa kwanza. Chiriku alipolala tu, akafungua kompyuta ili airudishe ile nambari ilipokuwa. Angeipunguza kimya kimya, na hakuna ambaye angejua kamwe. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi aliposikia sauti ya mama kutoka mbele, akizungumza na jirani.

"Nitaacha kushona. Ni mama gani huyu anayevalisha watoto wa watu huku wake anaanguka kwa njaa?"

Jirani alimbembeleza, lakini mama alikuwa akilia, na Fundi hakuwahi kumsikia mama akilia hivyo. Hapo alielewa kwamba kupunguza nambari kungelitibu lango peke yake. Mama angebaki na hatia isiyo yake, na daktari angebaki akipapasa.

Alingoja jirani aondoke, akaenda akasimama kando ya cherehani.

"Mama, si njaa."

"Nini?"

"Chiriku hakuanguka kwa njaa. Nilimkalisha mbele ya mchezo wangu. Niliufanya mwanga uwake na kuzimika haraka sana, na mwalimu alikuwa ametukataza. Na nilifunga pazia." Machozi yalimtangulia. "Daktari alipouliza, nilidanganya."

Mama alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaukunja polepole mpaka ukawa kitu kidogo kiganjani.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Niliogopa wataniondoa Ijumaa."

"Ukaniacha nijilaumu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Fundi alitamani apigiwe kelele. Mama hakupiga. Alifuta uso, akainuka.

"Vaa viatu. Mwamshe mdogo wako. Tunarudi kwa daktari."

Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba Fundi aeleze tena mwanga ule ulikuwa wa kasi gani, chumba kilikuwa na giza kiasi gani, na Chiriku alikaa karibu namna gani. Fundi alieleza kila kitu, hata yale yaliyomwaibisha.

"Sasa nina pa kuanzia," daktari alisema. "Wapo watu wachache ambao ubongo wao husumbuliwa na mwanga unaowaka na kuzimika haraka. Huenda Chiriku ni mmoja wao. Nitawaandikia mwende hospitali kubwa akapimwe kichwa, tuwe na hakika. Mpaka hapo, asikae karibu na skrini, wala asitazame skrini gizani." Akamgeukia mdogo mwenyewe. "Na wewe, ukikutana na mwanga unaopapatika, ziba jicho moja kwa kiganja, geuza uso, uondoke. Nionyeshe."

Chiriku aliziba jicho.

"Hivi? Na nikiwa nimeshika chakula, nizibe na mkono upi?"

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Lilikuwa swali la kwanza la Chiriku tangu Jumatatu.

Alhamisi asubuhi Fundi alimfuata mwalimu wa kompyuta kabla ya kengele. Mwalimu alisikiliza, akavuta kiti akakaa.

"Nilitoa sheria sikutoa sababu," alisema hatimaye, "na kazi zenu sikuzikagua. Hilo ni langu. La kudanganya ni lako. Ukilirekebisha lango, utaonyesha mchezo. Lakini utawaambia watu kilichotokea, kwa kinywa chako."

Profesa, aliyekuwa mlangoni, alivua fremu yake. "Mimi ndiye niliyesema limelala."

"Wewe ulisema," Fundi alijibu. "Mkono uliobadilisha ni wangu."

Alasiri hiyo Chiriku alilala usingizi wa mchana. Fundi aliketi mlangoni na kompyuta, akaigeuza skrini upande wa pili, mbali na kitanda. Safari hii hakutumia kifua chake mwenyewe. Alitazama kifua cha mdogo wake kikipanda na kushuka chini ya shuka, akabadilisha ile nambari kidogo kidogo, akitazama, akijaribu, mpaka mwanga wa buluu ukapanda na kushuka pamoja nacho. Alikaa hapo muda mrefu, kwa sababu ilikuwa raha tu kumwona anapumua.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mwalimu aliagiza taa zisizimwe. Fundi alisimama mbele na kueleza kila kitu, tangu ile nambari mpaka uongo aliomwambia daktari. Kisha akaonyesha mchezo. Msichana alitembea pangoni, akafika kwenye lango, na lango likang'aa taratibu, likafifia, likang'aa.

"Limelala hilo!" mvulana mmoja akapiga kelele, na wachache wakacheka.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwepo Chiriku kando ya mama, kiganja kikiwa kimeziba jicho moja ingawa hakuna aliyemwambia azibe.

"Halijalala!" alijibu kwa sauti iliyofika jukwaani. "Linapumua! Wewe ukipumua umelala?"

Safari hii ukumbi mzima ulicheka, na yule mvulana pia.

Mchezo uliochaguliwa haukuwa wa Fundi. Ulikuwa wa mpira, kazi ya Profesa. Iliuma, na Fundi hakujifanya haiumi. Njiani kurudi nyumbani mama alimshika mkono.

"Kukosea ni kwa kila mtu," alisema. "Hata mimi hukata kitambaa vibaya. Nikimwambia mwenye nguo mapema, tunatafuta njia. Nikikificha chini ya meza, siku ya kuchukua nguo atakuja tu, na mimi sina pa kuuweka uso wangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Wewe ulificha, ukasema kabla ya kilio. Kwa kusema kwako mdogo wako atapata tiba yake, nami nimepata usingizi wangu. Ila siku nyingine, mwanangu, usiningojeshe siku mbili."

"Sitakungojesha, mama."

Walipofika nyumbani mama alikifunua kile kitambaa, akatia uzi kwenye sindano, na cherehani ikaanza kukimbia. Chiriku akavuta kigoda, akakaa kando yake, akaiuliza imeshindaje siku zote hizo.