Kiti cha Agape

Asubuhi ya Jumatatu moja ya Novemba, katika kitongoji kimoja juu ya Gonja, milimani Upare, watu watatu walikuwa wakila makande kibarazani. Mmoja ni Bibi Blandina, mwenye nyumba, mama wa miaka sabini anayepanda mlima na mzigo kichwani bila kupumzika. Wa pili ni binti yake Ernesta, aliyefika jana yake kutoka Same mjini. Wa tatu ni Agape, mtoto wa Ernesta, mwenye miaka minane. Agape alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake haimbebi, na maneno humtoka polepole, lakini humtoka yote. Alikuwa ameegemezwa ukutani, kijiko amekishika mwenyewe, na kila punje iliyodondoka aliwasogezea kuku.

“Mama,” Agape akasema, “wenzangu wameandikishwa shule. Na mimi?”

Kijiko cha Ernesta kikasimama njiani. “Mwakani, mama.”

“Mwaka jana ulisema mwakani.”

 Bibi Blandina alikusanya sahani, tena kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika. Ernesta akatazama saa, akasema gari linamsubiri barabarani.

Sasa, ndugu zangu, mnajua Ernesta alikuwa anakwenda kufanya kazi gani? Alikuwa anakwenda kuwafundisha walimu jinsi ya kuwapokea darasani watoto wenye ulemavu. Ndiyo kazi yake. Ni mkufunzi, na nisimnyime haki yake: anaijua. Mwalimu aliyeingia semina yake amenuna hutoka ameshika kalamu na kupanga upya madawati. Walimu wa Bombo wanamkumbuka, wa Kifaru wanamkumbuka. Na nyuma ya gari la mradi unaomwajiri hapakosekani kiti cha magurudumu, ambacho walimu hukikalia kwa zamu ili waonje ugumu wa kizingiti na ngazi.

Alifikaje hapo, mtaalamu wa watoto wa wenzake? Polepole, kama sisi sote tunavyofika pabaya. Agape alipokuwa na miaka mitano, shule ya kwanza kule mjini ilimkataa. Ernesta akalia siku mbili, akampandisha mlimani kwa bibi yake, akisema ni kwa ajili ya hewa safi, mpaka mambo yatulie. Mumewe, Loth, hakupendezwa, lakini alinyamaza, na kunyamaza kwake nako kulisaidia ubaya. Kisha Ernesta akapata kazi ya ukufunzi. Siku ya kwanza mwenzake alimwuliza kama ana watoto, naye akajibu, “Bado tunamwomba Mungu.” Neno lile likawa kufuli. Kadiri alivyosifiwa, ndivyo ilivyokuwa vigumu kurudi nyuma na kusema, jamani, ninaye.

Na majirani? Walimwona Agape kila siku, na hakuna aliyeuliza kwa nini hasomi. Walisema, mama yake si ndiye mtaalamu? Kama hajampeleka, basi anajua sababu. Hivyo elimu ya mama ikawa ukuta wa mtoto.

Semina ya wiki hiyo ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa hukohuko Gonja, siku tatu. Jumanne Ernesta akawapa walimu kazi ya kila semina: wapite nyumba kwa nyumba, wawatafute watoto ambao hawajaandikishwa, na kila watakayempata wamwalike siku ya mwisho pamoja na mlezi wake. Akabandika ramani ukutani, akagawa vitongoji. Alipofika upande wa ndiva, lile bwawa linalomwagilia mashamba ya kwao, akapitisha mstari mwekundu.

“Huku tumeshamaliza,” alisema. Hawakuwa wamekanyaga huko.

Alikuwapo mwalimu kijana, Sifael, aliyehamia shule ya pale mlimani tangu Septemba. Alikuwa amepanga chumba upande huohuo wa ndiva. Akaona hakuna hasara, atauliza tu akienda nyumbani. Akaenda kwa Priska, anayeuza maandazi na kutunza daftari la msaragambo.

Anayejua Upare anajua msaragambo. Siku ya kuzoa tope la ndiva au kutengeneza barabara, kila nyumba inatoka, na hakuna anayeachwa kwa sababu hawezi. Asiyeweza jembe atapika, asiyeweza kusimama atapewa kazi ya kukaa. Priska aliandika yote: nyumba, watu, na kazi ya kila mmoja.

“Soma mwenyewe, mwalimu,” alisema, akifuta mafuta mikononi.

Sifael akasoma. Nyumba ya Blandina: Blandina, kupika. Agape, miaka minane, kuhesabu makarai.

“Huyu Agape anasoma wapi?”

“Hasomi. Lakini jaribu kumdanganya kwenye hesabu, utaona.”

“Mbona ramani inasema huku wamemaliza?”

Priska akamtazama, akalifunga daftari. “Mwalike,” akasema. “Wewe mwalike tu.”

Jumatano ukumbi ulichangamka. Mwalimu mmoja mnene alikuwa amekalia kile kiti cha magurudumu, wenzake wanamsukuma kukipandisha kizingiti, wanacheka, Ernesta anawaelekeza. Ndipo Bibi Blandina akaingia, Agape mgongoni kwa kanga, jasho linamtiririka.

Ernesta aliona kwanza viatu vya mama yake. 

“Shikamoo, bibi,” walimu wakamwamkia kwa pamoja. “Karibu.”

“Marahaba. Nimealikwa,” Bibi akasema, na hakumtazama binti yake.

Agape alikuwa ameshakiona. Akanyoosha mkono juu ya bega la bibi yake. “Bibi. Kiti changu.”

Sifael akainama kwa upole. “Hiki ni cha semina, mtoto mzuri. Lakini utakikalia.”

“Ni changu. Chini kuna jina. Baba aliandika.”

Mwalimu mnene akainuka kama aliyekalia siafu. Wakakipindua kiti. Chini ya kitambaa cha kukalia, kwa rangi nyeupe iliyokwisha kuchubuka, paliandikwa AGAPE LOTH, na tarehe ya miaka mitatu iliyopita.

 Na hapa, ndugu msomaji, nataka usimhukumu Ernesta haraka, kwa maana uongo ulikuwa tayari mdomoni mwake, umekamilika na mzuri: kiti kilitolewa msaada, jina ni la mwenyewe wa zamani, majina yanafanana. Angesema, wangeamini. Alimtazama mama yake, aliyembeba mtoto mgongoni miaka mitatu wakati kiti cha mtoto, alichokibakiza mjini yeye Ernesta, kinapanda gari la mradi kwenda Bombo na Kifaru. Kisha akamtazama Agape. Agape hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama anavyosubiri kila kitu.

Sifael alikuwa ameshafungua kitabu cha uandikishaji. Hakujua anachouliza, au labda alianza kujua. “Bibi, jina la mzazi niandike nani?”

Bibi Blandina akamwachia nafasi mwenye jibu.

“Ernesta,” Ernesta akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. “Andika Ernesta. Mimi ndiye mama yake mzazi. Nimewafundisha siku tatu kuwatafuta watoto waliofichwa, na nilipitisha mstari mwekundu juu ya wangu.”

Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya mama yake na mtoto wake, akalia mbele za watu bila kuficha uso. “Mama, nisamehe. Agape, nisamehe.”

“Nisaidie kwanza kumshusha,” Bibi akasema. “Mgongo unaniuma.”

Wakamshusha wote wawili, wakamketisha kwenye kiti chake. Miguu ilifika sasa kwenye vikanyagio. Siku alipoletewa kiti hicho ilikuwa inaning'inia.

Jumamosi ya pili Priska akaitisha msaragambo. Watu walisawazisha njia kutoka kwa Bibi Blandina mpaka shuleni, wakachonga ngazi mbili za darasa la kwanza zikawa mteremko. Loth alikuja kutoka mjini na sururu yake, aibu usoni, akafanya kazi bila maneno. Ernesta alimweleza mkuu wake ofisini ukweli wote, akaomba apangiwe shule za Gonja, akahamia kwa mama yake. Wapo waliomcheka, na wana haki yao. Januari ilipofika Agape aliingia darasani akijisukuma mwenyewe, hatua tatu za mwisho.

Mwezi Machi ndiva ilijaa tope tena. Ernesta alibeba karai na wenzake, na Agape alikuwa ukingoni kwenye kiti chake, daftari la Priska mapajani. Sasa aliweza kuandika.

“La nane!” Ernesta akasema, akihema, akimwaga tope.

Agape akatazama mistari yake, taratibu, mmoja mmoja.

“La saba, mama.”

“Jamani, la nane!”

“Saba,” Agape akasema. “Rudi ulete lingine.”

Watu wakacheka mpaka tope likawadondoka. Ernesta akachukua karai, akarudi bwawani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, na ninyi wataalamu hasa: anzeni nyumbani. Elimu unayoipeleka vijiji vyote, ikishindwa kuvuka kizingiti cha mlango wako mwenyewe, inamgeukia mwanao kuwa kufuli. Majirani nao tusijifiche nyuma ya vyeti vya mtu. Mtoto akikosa shule, uliza, hata kama mama yake ni mkufunzi. Kosa la Ernesta lilikomaa miaka mitatu kwa sababu kila mtu aliona kuna anayejua zaidi yake. Na ukikosea, sema wakati mtoto bado anasubiri. Daftari la msaragambo lilimwandika Agape na kazi yake kabla semina yoyote haijafika mlimani. Tuyafanye madarasa yetu yawe hivyo.