Valizi ya Mwalimu Yudita

Ukipita shule ya Kashojwa asubuhi, utalisikia darasa la Yudita kabla hujaliona. Watoto wa darasa la kwanza wanahesabu kwa sauti moja, na vizibo vya soda vinagongana juu ya madawati. Huyu ni Mkongo, yule ni Mrundi, mwingine ni Msomali. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Kwa Yudita, saba ni saba, na asiyeamini ahesabu vizibo.

Yudita alikuwa mke wa Natanaeli, mchuuzi wa maziwa. Watu walimwita Mama Irakiza, kwa jina la binti yao. Walikimbia vita Kivu ya Kusini, wakapewa kiwanja hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda. Kwao Kongo, Yudita alikuwa mwalimu kamili. Alisoma sekondari ya ualimu, akapata diplome, cheti cha kuhitimu, akapewa darasa. Kule, mwenye diplome ile haulizwi zaidi. Siku ya kukimbia aliacha masufuria, akaacha hata viatu. Diplome aliibeba kifuani.

Mwaka 2009, mwalimu mkuu, mzee Kabanda, alimwita pembeni. Kabanda alikuwa Mganda mpole, asiyependa kuleta habari mbaya.

"Mwalimu, inspekta alikuja," alisema. "Anasema mtu bila cheti ya ualimu ya Uganda hatasimama mbele ya darasa tena. Nimemwomba, amekupa mpaka mwisho ya mwaka."

"Na diplome yangu?"

"Ile iko kwa Kifaransa, nyabo," alisema, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Hapa hakuna mtu anaijua."

Yudita alirudi nyumbani na moyo mzito. Aliyapenda yale makelele ya vizibo. Angefanya nini bila darasa? Kulima alikuwa akilima, lakini akishika jembe alikuwa mtu kama watu wote. Akishika chaki alikuwa Yudita.

Natanaeli alimsikiliza, kisha akapiga paja.

"Sasa unalia nini? Diplome uko nayo. Nyuma ya diplome kunakuya nini? Université! Enda Mbarara, wakuandike. Ukitoka pale, nani atakuuliza cheti?"

Maneno yalionekana ya akili. Kwao ndivyo ilivyokuwa: ukimaliza sekondari, mlango unaofuata ni chuo kikuu. Hakuna aliyefikiri kwamba hapa Uganda milango imepangwa vingine. Na hapo ndipo walipokosea. Hawakuuliza. Walikwenda kutangaza.

Natanaeli alimwambia Pasta Karekezi, mchungaji wao. Jumapili Pasta alimsimamisha Yudita mbele ya kanisa zima.

"Bwana asifiwe! Binti yetu anaenda université!"

Wakamwekea mikono, wakamwombea. Kina mama wa kwaya walichanga, wakamnunulia sanduku la safari, valizi kubwa nyekundu. Mama Mukandoli, kiongozi wa kwaya, alimkabidhi yeye mwenyewe. Kabla ya ibada kwisha, Yudita alikuwa amepata jina jipya: Mama Université. Ng'ombe hajazaa, na maziwa yamekwisha kugawanywa.

Jumatatu Yudita alipandia gari Rwekubo, akafika Mbarara. Kwenye dirisha la chuo kikuu kimoja, kijana wa ofisi aliigeuza diplome juu chini.

"Mama, hii haijalinganishwa na vyeti vya Uganda," alisema. "Hatuwezi kuipokea hivi. Tena digrii hii ya ualimu wa msingi ni ya watu ambao tayari ni walimu hapa. Una cheti cha ualimu?"

"Mimi ni mwalimu."

"Cheti, mama."

Aliikunja diplome, akairudisha kifuani. Alirudi na valizi yake tupu. Ndiyo, alikuwa ameibeba, maana kina mama walitaka kuiona ikienda.

Je, alisema ukweli? Wapi! Alipoulizwa kama chuo kimempokea, alijibu, "Bado banaangalia." Natanaeli peke yake ndiye aliyejua, na Natanaeli aliona aibu kuliko mkewe. Jumapili baada ya Jumapili watu waliuliza, "Mama Université, unaanza lini?" Yudita akaanza kuketi karibu na mlango wa nyuma. Wimbo wa mwisho ukianza, yeye yuko njiani. Valizi aliisukuma chini ya kitanda, akaifunika gunia. Alikuwa na aibu, na aibu ilimnyima usingizi.

Miezi ikaenda hivyo. Ndipo Zahara akaja.

Zahara binti Buruhan alikuwa mkufunzi, mwalimu wa kuwasaidia walimu. Alizunguka shule za wilaya ya Isingiro kwa pikipiki, hijabu chini ya helmeti. Kiswahili alikipata dukani kwa baba yake, Mbarara mjini. Aliketi nyuma ya darasa la Yudita, kimya, hadi vizibo vikarudi kwenye kopo. Watoto walipotoka, alisema:

"Nyabo, hii kazi hukuanza jana. Ulisomea wapi?"

Yudita alimtazama. Mwanamke huyu hakuwa wa kanisa lake. Hakuwa amechangia valizi. Basi akamweleza yote, mpaka gunia lililofunika valizi.

Zahara hakucheka. Alicheka kidogo tu, aliposikia habari za gunia.

"Kwa hiyo diplome yangu ni karatasi ya bure," Yudita alisema.

"Hapana. Diplome yako ni ya kweli. Lakini Uganda haijui yeye. Mgeni akifika kwako usiku, hata kama ni mtu mkubwa kwao, si anasema kwanza jina yake? Na diplome iko hivyo hivyo. Lazima ijulishwe."

"Inajulishwa wapi, fasi gani?"

"Kwanza itafsiriwe kwa Kiingereza, na ofisi inayotambulika. Usimpe mtu wa mtaani. Halafu unaipeleka Kampala, kwa Baraza la Mitihani. Wao wanaangalia: hii ya Kongo inasimama sawa na nini ya Uganda? Wanakupa barua. Hiyo barua ndiyo watu wa chuo wanataka kuona."

"Halafu njo naenda université?"

"Bado. Wewe unataka kuanza paa kabla ya ukuta." Zahara alichukua vizibo, akavipanga mezani. "Hiki cha kwanza ni chuo cha walimu wa shule za msingi. Miaka miwili. Wanaangalia kama umepasi Kiingereza, hesabu na sayansi. Unasoma, unatumwa kwa shule, wanakuja kukaa nyuma kama mimi leo, wanakuona unafundisha. Ukifaulu mtihani, unapata cheti, ile tunaita Gredi ya Tatu. Halafu unajiandikisha Wizara ya Elimu. Sasa wewe ni mwalimu, hakuna inspekta atakugusa."

"Na université?"

Zahara akaongeza vizibo viwili. "Unafanya kazi kwanza. Halafu unasomea stashahada, Gredi ya Tano. Halafu digrii. Wengi wanasoma wakati wa likizo, darasa hawaachi. Chuo kikuu hakikukataa wewe, nyabo. Ulipiga hodi mlango wa mwisho."

Yudita alikigusa kizibo cha kwanza kwa kidole.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema. "Nikae na batoto ba juzi, banifundishe kushika chaki?"

"Mimi pia nilikaa. Na kitu kimoja: masharti yanabadilika. Usisikie mimi peke yangu. Nenda chuo chenyewe, uliza wao, mwaka huu wanataka nini. Kiingereza unajua?"

Yudita akainamisha kichwa. "Kidogo."

"Basi anza leo."

Jioni ile Yudita alimweleza Natanaeli. Natanaeli aliuliza swali moja. "Na kanisa?"

Naam, kanisa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Safari ingehitaji nauli ya Kampala, malipo ya tafsiri, na mtu wa kumsaidia Natanaeli na mtoto. Bila kanisa haikuwezekana. Na kanisa lilikuwa bado linangoja université.

Jumapili iliyofuata, Yudita alipita mlango wa mbele, na valizi mkononi. Wakati wa ushuhuda alisimama. Akaenda mbele, akaiweka valizi sakafuni.

"Niliwadanganya," alisema. "Nilisema banaangalia. Hapana. Université ilinirudisha siku ile ile. Nilipiga hodi mlango wa mwisho, sababu sikuuliza wa kwanza uko wapi. Sasa najua. Naenda kusoma na babinti badogo, chuo cha walimu, nianze chini. Hamkunituma kule. Nimerudisha valizi yenu."

Pasta Karekezi alikuwa akiangalia Biblia yake, haifungui, haifungi. Halafu Mama Mukandoli aliinuka, akaja mpaka mbele, akaisukuma valizi miguuni kwa Yudita.

"Valizi ni valizi tu," alisema. "Haiulizake unaenda fasi gani. Ile chuo haina vitanda?"

Watu wakacheka, na Yudita akalia. Siku hiyo hakutoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Diplome ilitafsiriwa, ikaenda Kampala, ikarudi na barua yake. Yudita alikwenda mwenyewe chuoni kuuliza masharti. Jioni alisoma Kiingereza kwa vitabu vya shule, na Irakiza akimsahihisha bila huruma. Chuo kilimpa mtihani wa Kiingereza, akaufanya jasho likimtoka. Akapasi, si kwa fahari, lakini akapasi. Mwisho wa mwaka alimkabidhi Kabanda kopo la vizibo, akaondoka.

Alidhani hana jipya la kujifunza. Wiki ya kwanza ilimnyamazisha. Kumbe Uganda ilikuwa na mtaala wake, na watoto wadogo walianza kwa lugha yao kabla ya Kiingereza kushika nafasi. Alijifunza kuandaa somo kabla ya kuingia darasani. Alijifunza kumngojea mtoto mzito wa kujibu, badala ya kurukia yule mwepesi. Wasichana wa chuo walimwita Maama. Usiku walikuja kitandani kwake awaeleze namna ya kufundisha kujumlisha. Nyumbani, Natanaeli alijifunza kusonga ugali. Irakiza anasema mwaka wa kwanza ugali ulikuwa na madonge, na wa pili pia.

Mwaka 2012 Yudita alirudi Kashojwa na cheti, na jina lake likiwa limeandikishwa Wizarani. Kabanda alimrudishia kopo.

"Inspekta anakuja Alhamisi," alisema. "Safari hii mimi naomba aje kwako kwanza."

Kesho yake asubuhi, kabla watoto hawajaingia, mtu alibisha mlangoni. Alikuwa Pasta Karekezi. Alishika mfuko wa plastiki, umekunjwa na kukunjuliwa mpaka ukapoteza rangi. Akatoa karatasi, akailaza mezani. Yudita aliitambua bila kuisoma. Ilikuwa diplome, kama yake.

"Pasta? Na wewe ni mwalimu?"

"Nilifika kwa dirisha lile lile," Pasta alisema taratibu. "Zamani, kabla yako. Balinirudisha. Nikaona haya, sikuambia mutu, hata mama watoto, hata wewe siku ya kukuombea. Siku ile ulirudisha valizi, nilitaka kusimama. Miguu ilikataa." Akapangusa uso. "Sasa niambie, mwalimu. Naanzia wapi?"

Yudita hakucheka, hakumhurumia. Alichukua vizibo, akavipanga mezani kama Zahara alivyovipanga. Hiki tafsiri. Hiki Kampala. Hiki chuo.

"Pasta, Kiingereza unajua?"

Pasta alikohoa. "Kidogo."

Nje watoto walikuwa wakijipanga mstari. Yudita alivuta dawati moja dogo, akaliweka nyuma ya darasa.

"Basi kaa pale," alisema. "Tunaanza na majina ya siku kwa Kiingereza."

Mchungaji akakunja magoti yake marefu, akaketi, na watoto wakaingia, wakamzunguka.