Muuguzi wa Katikati ya Zamu

Enyi mlioitikia mwaliko, wa vitini na wa mikekani, wakubwa kwa heshima yenu na wadogo kwa haki yenu, nawaomba masikio. Ninayoyaleta si ya kale. Yalitokea masika yaliyopita, mchana kweupe, katika kituo cha afya nitakachokificha jina, kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi.

Lilianza kama jambo dogo. Joyce, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliingia zamuni, na mama mmoja akamwomba amfikishie shukrani yule sista aliyepita sasa hivi, mwenye mikono ya baridi, aliyemfunika shuka vizuri. Joyce akashangaa. Wodi nzima haikuwa na muuguzi mwingine, na mwenzake wa zamu iliyotangulia alikwisha kuondoka.

Mwenzake huyo alikuwa Mama Gaudiosa, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Miezi kadhaa nyuma, kikaoni, Joyce alisema mbele ya watu kwamba Mama Gaudiosa aliacha dripu ya mgonjwa ikakauka. Mama Gaudiosa akajibu kwamba hawezi kufundishwa kazi na mtoto ambaye huenda yeye ndiye aliyemzalisha mama yake. Tangu siku hiyo shikamoo ilikufa, na makabidhiano yakafa nayo: ile desturi ya wauguzi wawili kupita pamoja kitanda kwa kitanda, anayetoka akieleza hali ya kila mgonjwa, anayeingia akijibu, "Nimepokea." Sasa mmoja alitoka kwa mlango wa nyuma ndipo mwingine aingie kwa mlango wa mbele. Casmir, mganga mfawidhi wa kituo, aliwaita ofisini awapatanishe. Kila mmoja akasema hana tatizo na mwenzake, wakamwacha na chai yake.

Na baina ya milango ile miwili, wodi haikuwa na mwenyewe.

Ikaja harufu ya tope la mto, kama ya nyumba iliyofurikwa na maji ya Mkondoa ikafungwa siku nyingi. Zikaja kandambili zilizolowa, zikipiga sakafuni pale pasipokuwa na mtu. Siku moja Joyce aliwakuta wazazi wote wamefunikwa shuka hadi usoni, wakihema kwa shida. Casmir akamleta kimyakimya Mzee Mwinshehe, fundi wa kupunga majini kutoka Magomeni. Akafukiza ubani, akasikiliza, akakunja virago. Aliwaambia kwamba jini lile halipati mtu mpaka likabidhiwe, na kwamba kazi ya kukabidhi wagonjwa si yake.

Siku ya siku, kitanda cha pembeni alilala Kija, mwanamke wa Kisukuma kutoka Mvumi, aliyejifungua asubuhi na kupoteza damu nyingi. Damu ilikuwa imepunguza kutoka, lakini kumwacha hata kidogo ilikuwa kumwacha afe. Zamu ya Joyce ilikwisha. Akatazama mlango wa nyuma, asiuendee. Na alipogeuka, harufu ya tope ikajaa kooni, zikaja kandambili, polepole, kutoka upande ambao hauna mlango, zikapita vitanda vya wazazi waliofumba macho kwa nguvu, zikasimama kando ya Kija, na aliyezivaa alikuwa na uso wa Mama Gaudiosa.

"Mwanangu Joyce," likasema, kwa sauti laini. "Nilikukosea. Nisamehe. Nikabidhi wodi, ukapumzike."

Maneno hayohayo Joyce alikuwa ameyangoja miezi yote ile, akiyapangia hadi jibu. Ndiyo maana aliyajua kuwa si ya Mama Gaudiosa.

"Sitakukabidhi," akasema. "Hata shuka moja sitakukabidhi."

Likashika shuka la Kija, likaanza kulivuta juu, kuelekea usoni.

"Sista," Kija akanong'ona, "usiniache na huyu."

Joyce akashika ncha ya pili, akapaza sauti kuelekea mlango wa mbele. "Mama Gaudiosa, shikamoo. Najua uko hapo nje unangoja nitoke. Sitoki. Ingia tukabidhiane."

Sauti kavu ikajibu kutoka nje: "Uliniaibisha."

"Nilikuaibisha. Ningekwambia faraghani. Hilo ni langu. La dripu ni lako."

"La dripu ni langu. Nilikuwa peke yangu na wodi imejaa. Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Marahaba," ikajibu sauti, na mlango ukafunguka. Mama Gaudiosa akauona uso wake mwenyewe kando ya kitanda. Akaweka mkoba chini.

"Kumbe ndivyo nilivyozeeka," akasema. "Anza kitanda cha kwanza."

Wakaanza. Kila "nimepokea" iliposemwa, lile jini lilirudi nyuma hatua moja, likinong'ona maneno matamu, wao wakiyafunika kwa maneno makali waliyosemezana. Walipofika kwa Kija, Mama Gaudiosa akaweka kiganja tumboni mwake.

"Kizazi bado laini. Hukukanda vya kutosha."

"Nilikanda."

"Basi tukande wote."

Wakakanda, mkono juu ya mkono, hadi kikawa kigumu. "Nimepokea," akasema Mama Gaudiosa.

Sasa lilikuwa limekaa kwenye kitanda cha dirishani, likiwatazama kwa macho ya kuomba. Joyce akaliendea hadi akahisi baridi yake usoni.

"Kitanda cha mwisho," akasema, akilikazia macho. "Hakina mtu."

Mama Gaudiosa naye akalitazama usoni, usoni kwake mwenyewe.

"Hakina mtu," akasema. "Nimepokea."

Harufu ikakatika. Godoro lilibaki na maji ya tope, wakalitoa nje wakilishika wawili, wakibishana nani apite mbele mlangoni.

Aliyenisimulia haya kwanza, binti yake akiwa mgongoni, ni Kija Ngolo wa Mvumi.